Daftari Moja, Programu Tatu: Kwa Nini Hesabu za Malipo Yako Hazilingani

Umewahi kufunga hesabu za siku, ukaangalia jumla kwenye kompyuta ya kaunta, kisha ukafungua ripoti kwenye simu ukapata zinasema vitu viwili tofauti? Siku ni moja, tili ni moja, pesa ni zile zile. Lakini huku unasoma Sh46,300 na kule unasoma Sh41,850. Na kusema kweli, wazo la kwanza linalokuja huwa si kompyuta. Ni mtu. Unajiuliza: ni nani alikuwa kaunta siku hiyo?

Leo tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wateja wetu wengi hawaliulizi mpaka liwaletee hasara: jinsi programu tofauti, zilizotengenezwa na mafundi tofauti kwa lugha tofauti za kompyuta, zinavyosoma rekodi moja ya malipo. Usiogope, huhitaji kujua kuandika programu. Kama umewahi kuweka daftari la madeni, tayari unajua nusu ya habari hii.

Sh4,450 zilizopotea bila kupotea

Kuna mteja wetu mmoja, mama mwenye duka la dawa linalofungua usiku kucha. Biashara yake ilikua polepole, na programu zake zikakua vivyo hivyo. Kwanza alinunua programu ya kaunta, iliyoandikwa kwa Delphi, inayokaa kwenye kompyuta ya Windows. Miaka michache baadaye akapata kijana wa kumtengenezea tovuti ya ripoti kwa PHP, ili aone mauzo akiwa nyumbani. Halafu fundi wa tatu akamtengenezea apu ya Android kwa Kotlin, ili vijana wa boda boda wanaopeleka dawa wajue ni oda gani imelipiwa.

Programu tatu, mafundi watatu, na kila mmoja aliunganisha kazi yake na tili kwa njia yake mwenyewe.

Jumatatu moja mama huyu aliketi kukagua hesabu za Jumamosi. Kaunta ilionyesha Sh46,300 zimelipwa kwa simu. Tovuti ilionyesha Sh41,850. Tofauti: Sh4,450. Kwa duka la dawa hiyo si pesa ya kufumbia macho. Akawaza, na wengi wetu tungewaza hivyo hivyo, kwamba mhudumu wa zamu ya usiku alikuwa akitoa dawa, anaandika "amelipa kwa simu", kisha anatia pesa taslimu mfukoni. Alipotupigia kuomba orodha ya malipo, barua ya kumsimamisha kazi kijana huyo ilikuwa tayari imeandikwa. Ilibaki sahihi tu.

Tulichukua orodha yetu, ya kaunta na ya tovuti, tukazilinganisha kwa msimbo wa kila malipo, mmoja baada ya mwingine. Misimbo yote ilikuwepo pande zote. Hakuna malipo hata moja yaliyokosekana. Kilichotofautiana ni siku.

Programu ya kaunta ilisoma saa iliyo ndani ya ujumbe wa malipo, yaani saa ya Kenya. Tovuti haikuisoma saa hiyo. Ilichukua saa ya seva yake wakati ujumbe ulipofika, na seva hiyo ilikuwa imewekwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Kwa hiyo siku mpya ya tovuti ilikuwa ikianza wakati sisi tuko saa tisa usiku.

Sasa piga hesabu. Usiku wa kuamkia Jumamosi, kati ya saa sita na saa tisa, wateja walilipa Sh7,200. Kaunta iliziandika Jumamosi, tovuti ikaziandika Ijumaa. Usiku wa kuamkia Jumapili, saa zile zile, waliingiza Sh2,750. Kaunta iliziandika Jumapili, tovuti ikaziandika Jumamosi. Ondoa 7,200 kwenye 46,300, ongeza 2,750, unapata 41,850. Shilingi kwa shilingi.

Na Ijumaa? Tovuti ilikuwa imezidi kaunta. Lakini hakuna aliyeuliza, maana pesa ikizidi huwa hakuna anayeuliza.

Barua ilichanwa. Ila fikiria kama mama huyu hangepiga simu. Kijana angefukuzwa akiitwa mwizi, mwingine angeajiriwa, na wiki iliyofuata pesa "zingepotea" tena.

Programu zinapotofautiana, hutofautiana wapi?

Saa ni sehemu moja tu. Tukikaa na wafanyabiashara kukagua hesabu zisizolingana, mara nyingi tunarudi kwenye mambo haya manne.

Saa na tarehe. Hili tumeliona. Programu inayosoma saa za UTC bila kuongeza 3 itahamisha malipo ya kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku na kuyapeleka siku iliyotangulia. Ukifunga duka saa mbili usiku hutaliona kamwe. Lakini ukiwa na baa, kituo cha mafuta, duka la dawa au stendi ya magari ya usiku, utaliona kila siku bila kujua unachokiona.

Nambari ya simu. Fundi mmoja anaihifadhi ikianza na 07, mwingine ikianza na 254, mwingine na +254. Kwa binadamu huyo ni mteja mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu. Ukipeleka orodha hiyo kwenye Excel, mara nyingi sufuri ya mwanzo huanguka, kwa sababu Excel huona tarakimu ikadhani ni hesabu, na hesabu haianzi na sufuri. Sasa umepata mtu wa nne. Mteja anakuja kudai pointi zake za uaminifu, unamtafuta, humpati. Anaondoka akiwa amekasirika, na ana haki.

Pesa zenyewe. Lugha nyingi za programu, zisipoelekezwa vizuri, huhifadhi nambari zenye nukta kwa njia isiyo kamili. Ukiziambia zijumlishe 0.1 na 0.2, baadhi hujibu 0.30000000000000004. Kwenye malipo moja hutaona kitu. Lakini ukigawanya ada na kamisheni kwenye malipo elfu nyingi, programu moja ikikunja senti juu na nyingine ikikunja chini, mwisho wa mwezi kuna pengo. Mafundi wazoefu huepuka hili kwa kuhesabu pesa kwa senti nzima: Sh150.50 inahifadhiwa kama senti 15,050, bila nukta yoyote.

Maana ya neno "imelipwa". Hili ndilo lenye hasara kubwa zaidi. Programu moja inasema imelipwa pale tu uthibitisho unapofika. Nyingine inasema imelipwa mara tu ombi la malipo linapotumwa kwenye simu ya mteja. Mteja anaona ombi, anabonyeza kughairi, lakini kwenye apu oda imegeuka kijani. Mtu wa boda boda anapeleka mzigo. Mzigo umeenda, pesa haikuja.

Ukiangalia vizuri, hakuna fundi hata mmoja hapa aliyekuwa mbaya. Kila mmoja alichimba kisima chake mwenyewe kando ya mto mmoja, kila mmoja akachuja maji kwa kitambaa chake.

Kijenzi cha pamoja ni nini hasa?

Dawa ya shida hii mafundi wanaijua kitambo: sehemu ya programu inayogusa data iandikwe mara moja, ijaribiwe mara moja, kisha programu zote ziitumie hiyo hiyo. Sehemu hiyo tutaiita kijenzi cha kusoma data, au kijenzi tu.

Angalia soketi ya stima ukutani, ile ya pini tatu. Pasi, redio, friji na chaja vimetoka viwandani tofauti. Soketi haijali. Hakuna kifaa kinachoingia ukutani kutafuta waya chake mwenyewe. Vyote vinachomekwa mahali pamoja, na aliyepima usalama wa waya ni fundi mmoja wa stima. Kijenzi cha pamoja ni soketi ya data yako. Bila hicho, kila programu inatoboa ukuta wako.

Kufika hapo kumechukua muda, na njia zote za zamani bado ziko kazini katika biashara zetu, kwa hiyo ni vizuri kuzitambua.

Njia ya kwanza ni kushiriki ndani ya familia moja. Borland ilitoa Delphi mwaka 1995 na C++Builder mwaka 1997. Lugha zake ni tofauti, moja ni Pascal na nyingine ni C++, lakini kwa sababu zilitoka nyumba moja, vijenzi vilivyotengenezwa kwa Delphi viliweza kutumika ndani ya C++Builder. Ni njia nzuri sana mradi usitoke nje ya familia. Siku fundi mpya anapokuja na PHP, mlango umefungwa.

Njia ya pili ni kukubaliana umbo la plagi. Kulikuwa tayari na lugha ya kuuliza maswali kwa hifadhidata inayoitwa SQL, iliyoanzia IBM miaka ya 1970. Mwaka 1992 Microsoft ikatoa ODBC, utaratibu unaosema: mwenye hifadhidata atengeneze kiunganishi kimoja cha umbo hili, na programu yoyote inayojua umbo hilo itaweza kuuliza. Upande wa Java nao wakapata wao, JDBC, mwaka 1997. Ndiyo sababu Excel ya mhasibu wako inaweza kusoma rekodi za mashine ya kaunta ingawa waliozitengeneza hawajawahi kukutana.

Lakini njia hii ina upungufu wake. Inakupa waya, haikupi maana. ODBC itampa kila fundi data ile ile, kisha kila fundi atajiamulia mwenyewe siku inaanza saa ngapi na "imelipwa" ni nini. Duka letu la dawa lingekuwa na ODBC na bado kijana angeandikiwa barua.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo imeenea leo, ni kuweka huduma moja katikati inayojibu maswali kupitia mtandao. Mafundi huita mlango wake API. Programu ya Delphi, tovuti ya PHP na apu ya Kotlin hazigusi tena hifadhidata. Zinabisha mlangoni na kuuliza: "Malipo ya Jumamosi ni kiasi gani?" Jibu linakuja kama maandishi ya kawaida, mara nyingi katika mpangilio unaoitwa JSON, ambao lugha zote za programu zinazotumika sana zinaweza kuusoma. Jumamosi imeelezwa mara moja, ndani ya huduma. Anayeuliza hana nafasi ya kuieleza upya.

Mfano unaojulikana zaidi hapa Kenya ni Daraja, API ambayo Safaricom iliwafungulia watengenezaji wa programu za M-Pesa mwaka 2017. Jina lenyewe limebeba maana. Awe fundi anaandika kwa Python, Java au PHP, anavuka daraja lile lile na kukuta sheria zile zile.

Ombi la malipo linavyosafiri

Tuone mfano mmoja, kwa sababu huu unakugusa hata kama huna duka. Uko kwenye tovuti unanunua viatu. Unaweka nambari yako, unabonyeza kulipa, na dirisha la kuweka PIN linatokea kwenye simu yako. Nini kimetokea hapo katikati?

Tovuti imebisha mlango na kusema: omba kiasi hiki kutoka nambari hii, kwenda akaunti hii, na jibu nitumie kwenye anwani hii. Mfumo wa malipo unaipa tovuti kitambulisho cha ombi, halafu unaleta dirisha la PIN kwenye simu yako. PIN unayoandika inaenda kwa mfumo wa malipo. Tovuti ya viatu haiioni, na haipaswi kuiona.

Kisha jibu linarudi likiwa na tarakimu. Kwenye Daraja, 0 maana yake malipo yamekamilika. 1032 maana yake mteja ameghairi. 1037 maana yake simu ya mteja haikupatikana au hakujibu kwa wakati. 1 maana yake salio halitoshi. Programu iliyotengenezwa vizuri inangoja 0 kabla ya kuandika "imelipwa", na jibu likichelewa inauliza hali ya ombi lile lile kwa kutumia kitambulisho chake. Iliyotengenezwa vibaya inatuma ombi jipya. Hapo ndipo mteja anakuta ameombwa PIN mara mbili, na asipokuwa makini analipa mara mbili.

Hizo tarakimu nne ni mfano tosha wa kwa nini kijenzi kinafaa kuwa kimoja. Mafundi watatu wakizisoma kila mmoja kivyake, unahitaji watatu wote wawe wamekumbuka 1037. Kijenzi kikiwa kimoja, inatosha mmoja akumbuke.

Kushiriki nako kuna bei yake

Tusikuuzie kitu kama hakina kasoro. Mlango ukiwa mmoja, ukikwama umekwama kwa wote: kaunta, tovuti na apu vinanyamaza kwa pamoja. Kwa hiyo kaunta iwe na njia ya kuendelea kuuza mtandao unapokatika, kwa kuandika mauzo kama "yanasubiri uthibitisho", kisha kuyalinganisha na misimbo mtandao ukirudi. Yasiandikwe "yamelipwa" ati kwa sababu mteja ameonyesha meseji kwenye simu yake. Meseji ya uongo ni rahisi kuandika. Rekodi kwenye tili si rahisi.

Pili, anayebadilisha kijenzi anawabadilishia wote. Fundi wa tovuti akiamua jina la sehemu fulani lisiwe "kiasi" bali "jumla", programu ya kaunta iliyokuwa ikitafuta "kiasi" itakosa la kusoma. Mafundi makini huacha mlango wa zamani wazi wakati wanafungua mpya, hadi wote wahame. Muulize fundi wako kama anafanya hivyo.

Tatu, na hili tunalisisitiza: mlango una ufunguo.

Nani ana ufunguo wako?

Programu haiwezi kubisha tu ikafunguliwa. Inapewa ufunguo na neno la siri lake. Kwenye Daraja, kwa mfano, viwili hivyo hubadilishwa na kibali cha muda kinachodumu takriban saa moja, kisha programu inaomba kingine. Kibali kikiibiwa, kinakufa haraka. Lakini ufunguo wenyewe ukiibiwa, mwizi anaweza kuomba vibali vipya kila saa mpaka utakapoubadilisha.

Na funguo hizi huishia wapi? Ukweli ni kwamba nyingi tunazikuta mahali pabaya. Kwenye WhatsApp ya fundi aliyeacha kazi. Ndani ya apu ya simu yenyewe, ambapo mtu mwenye ujuzi anaweza kuifungua apu na kuusoma. Kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kompyuta ya kaunta.

Hapa kijenzi cha pamoja kinakusaidia tena. Badala ya kutawanya ufunguo wa tili kwenye programu tatu, unabaki sehemu moja tu, ndani ya huduma ya katikati. Kisha kila programu inapewa ufunguo wake mdogo wa kuingilia huduma hiyo, wenye ruhusa zake. Apu ya boda boda inaweza kuuliza swali moja: oda hii imelipiwa, ndiyo au la? Haiwezi kuona jumla ya siku, haiwezi kuona nambari za wateja wengine, na haiwezi kurudisha pesa. Simu ya mpeleka dawa ikipotea Githurai au Kongowea, unafuta ufunguo wake mdogo, na duka linaendelea kuuza.

Kumbuka pia kwamba nambari za simu na majina ya wateja wako si mali yako ya kugawa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka ukusanye kile unachohitaji tu kwa kazi husika na ukilinde. Kwa duka la dawa jambo hili ni zito zaidi, maana ukijua mtu amelipia dawa gani, umejua anaumwa nini. Programu isiyohitaji jina isipewe jina.

Na mimi nisiye na duka?

Hata wewe unatumia kijenzi cha pamoja kila siku. Unapoangalia salio kwa kubonyeza nyota na alama ya reli, na unapoliangalia kwenye apu, hizo ni programu mbili tofauti kabisa, lakini zote zinauliza daftari moja. Ndiyo maana zinajibu sawa. Meseji ya uthibitisho nayo ni barua tu kutoka kwa daftari hilo. Inaweza kuchelewa njiani wakati daftari limeshaandikwa.

Kwa hiyo ukilipa na meseji isije, usikimbilie kulipa tena. Angalia salio au taarifa fupi ya akaunti kwanza. Kama pesa imetoka, daftari limeandika, na msimbo wa malipo utaupata humo. Mwonyeshe muuzaji msimbo huo, autafute upande wake.

Na ukikutana na apu au tovuti inayokuomba uandike PIN ndani ya ukurasa wake yenyewe, acha hapo hapo. Duka linalotumia mlango rasmi halina haja ya PIN yako, kwa sababu dirisha la PIN huletwa na mfumo wa malipo wenyewe. Anayeiomba ana mpango mwingine.

Maswali matano ya kumuuliza fundi wako

Si lazima uelewe majibu yote kwa undani. Utaona tu kama anayejibu amewahi kufikiria swali.

1. Kaunta, tovuti na apu zinasoma malipo kutoka sehemu moja, au kila moja inajisomea kivyake?

2. Siku ya biashara yangu inaanza saa ngapi, na imeandikwa wapi? Jibu zuri ni "sehemu moja, kwa saa ya Kenya".

3. Oda inageuka "imelipwa" wakati gani hasa: ombi likitumwa au uthibitisho ukifika?

4. Jibu likichelewa, programu inauliza hali ya ombi la kwanza au inatuma ombi jipya?

5. Ufunguo wa tili yangu uko wapi, nani mwingine anao, na ukiacha kazi leo nitaubadilishaje?

Akijibu la tano kwa kusema "usijali, mimi ninao", basi jali.

Jaribio la dakika kumi

Kabla ya kumwita fundi, fanya hivi usiku wa leo. Chagua siku moja ya wiki iliyopita iliyokuwa na shughuli nyingi. Pata jumla ya malipo ya simu kutoka kila programu uliyo nayo, na nyingine kutoka taarifa ya tili yako. Zikilingana, vizuri, lala. Zisipolingana, usiangalie jumla tena. Linganisha msimbo kwa msimbo.

Kama kuna msimbo ulio kwenye kaunta lakini haupo kwenye taarifa ya tili, hilo ni swali la kumuuliza mtu. Kama misimbo yote ipo pande zote, ila imekaa kwenye siku tofauti au kwa jina tofauti, hilo ni swali la kuuliza programu. Yule mama wa duka la dawa alikuwa na swali la pili na karibu aliulize kama la kwanza.

Taarifa ya tili unaweza kuipakua ndani ya apu yetu, sehemu ya biashara, ukichagua tarehe unazotaka. Na ukikwama kwenye kulinganisha, tuandikie kupitia menyu ya msaada kabla hujaandikia mtu yeyote barua.